Shangazi Aliyeiogopa Durga

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi, kama sote kazini tunavyomwita, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kung'arisha sanamu za shaba za miungu ya Kihindu, zile ambazo wakusanyaji huzifuata dukani kwetu kutoka mbali.

Alianza kwa kufagia karakana ya nyuma. Fundi wa kung'arisha alipoacha kazi, meneja alimkabidhi Shangazi kitambaa, ndimu na bakuli la majivu, akamketisha mbele ya Kali: ulimi nje, shada la mafuvu shingoni. Shangazi alipiga yowe hadi wateja wakadhani tumevamiwa. Kesho yake alirudi. Alikuwa na watoto wanne, na woga, alisema, haujazi chungu.

Hofu haikumtoka, basi akaamua kuijua. Kila mteja Mhindu aliyeingia aliulizwa maswali. Bibi mmoja alimweleza kwamba Kali ni mama, huwatisha waovu tu. "Sasa mimi nitajuaje kanihesabu upande gani?" Shangazi akauliza. Aliposikia jinsi Narasimha, nusu mtu nusu simba, alivyomrarua mfalme dhalimu kizingitini wakati wa magharibi, aliacha kabisa kusimama mlangoni saa za kufunga duka. Alikiruka kizingiti kama mbuzi, mkoba kwapani, nasi tukicheka mpaka machozi.

Kisha ikaja Durga. Ilikuwa sanamu kubwa kuliko zote tulizowahi kupokea: mungu mke juu ya simba, mikono kumi, kila mkono na silaha yake, na chini jini nyati akichomwa mkuki. Tuliinyanyua kwa winchi. Mimi nilikuwa nimeinama chini nikinyoosha kitako cha mbao mnyororo ulipokatika.

Simba aliangukia kreti la mbao lililoileta sanamu, akakwama hapo. Mguu wangu ulibanwa, na ncha ya mkuki ikasimama karibu na koo langu kiasi kwamba niliogopa kumeza mate. Kreti likaanza kulia, kri, kri. Mtu akapaza sauti, "Tokeni! Inashuka!" Nikasikia miguu ikikimbia, kisha kimya. Ule uso wa shaba ulinitazama bila kupepesa.

Ndipo nikasikia meno yakigongana. Shangazi alikuwa anatambaa kunijia, vipande vya mbao vimejaa kwenye aproni yake.

"Shangazi, rudi! Itakuangukia!"

"Naogopa, mwanangu. Naogopa mno. Usinitazame, nitakimbia."

Nikafumba macho. Nilimsikia akisukuma kipande kimoja chini ya sanamu, kisha kingine, huku akimnong'oneza Durga: "Mama, tulia. Mama, huyu siye nyati." Kipande cha mwisho kilipokuwa kinaingia, kreti likapasuka. Sanamu ilishuka kidogo tu, mbao zikaishika. Ilishukia mkono wake wa kulia.

Mwanamke aliyempigia Kali yowe hakupiga yowe siku hiyo. Aliuma upindo wa aproni mpaka wenzetu walipojipa moyo wakarudi na mitaimbo. Mguu wangu ulipona, ingawa baridi hunikumbusha. Yeye alipoteza vidole viwili.

Aliporudi kazini tulidhani ataomba kukaa mbele, kaunta. Akaiomba Durga. Aliing'arisha kwa mkono wa kushoto, akitetemeka tangu asubuhi hadi jioni, mgongo ukutani. Nilimsihi aiache. "Nikiiacha leo," alisema, "nitaiota mpaka kaburini." Ilipouzwa, alisimama barabarani akilitazama lori hadi likakata kona, kisha akaketi palepale ukingoni akalia.

Tangu hapo hakuna anayepita chini ya mzigo ulioning'inia, na mnyororo hukaguliwa kila asubuhi, kwani Shangazi hashiki kitambaa kabla hajauona ukikaguliwa. Amefundisha wang'arishaji watatu. Wote wana mikono myepesi, wote, namshukuru Mungu, ni waoga.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nadhani hawakumkuta mtu aliyekuwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Shangazi, asante kwa mikono yako. Ushujaa hatukutakii, huo umekwisha kuutoa wa kutosha. Tunakutakia asubuhi tulivu, wajukuu watundu, na usingizi usio na kushtuka.