Nilitaka Kujua Kilichomuua Mwanangu

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za tangu Jumapili. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniambia nisizidi dakika kumi, na mwalimu ukimpa dakika kumi ujue umempa kipindi kizima, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mmoja yuko darasa la sita, mwingine tulimzika akiwa na miaka minne. Nafundisha sayansi shule ya msingi. Majina ya watu sitayataja, maana niliyemkosea ana jina, nami nimekwisha kulichafua vya kutosha.

Mwanangu aliamka siku moja akakataa kula. Siku ya pili macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa. Mimi na baba yake tukamkimbiza hospitali, tukamwacha mama mkwe wangu hapa Miyuji na binti yetu. Siku ya tano mtoto akatutoka. Daktari, kijana mpole tu, alituketisha akasema ini limeshindwa kufanya kazi. Nikamuuliza, limeshindwa kwa sababu gani? Akasema, "Mama, kwa kweli hatujui."

Ndugu zangu, nilimchukia yule kijana kwa sababu ya neno hilo. Afadhali angenidanganya.

Mimi ndiye yule mwalimu anayewaambia watoto kwamba kila swali lina jibu lake. Basi baada ya mazishi nikachukua daftari, nikaandika kila alichokula mwanangu, kila aliyembeba, kila mahali alipocheza. Niliwahoji majirani mpaka wakawa wakiniona wanaingia ndani. Mume wangu akaniambia, "Mke wangu, tumwache apumzike." Nikamjibu kwamba yeye hakumpenda mwanawe. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu.

Halafu nikagundua kwamba gunia la karanga halipo jikoni. Zilikuwa karanga za shamba letu la Mvumi. Nikamuuliza mama mkwe, akasema, "Nimezimwaga." Kwa nini? "Zilikuwa mbaya." Akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Sasa mtu mwenye njaa ya jibu kama niliyokuwa nayo mimi, ukimnyamazia anaona umekiri.

Nikaenda kwa mganga. Msigune, najua. Mwalimu wa sayansi! Yule mzee hakunitajia mtu yeyote. Aliniuliza tu: ukiwa kazini, mtoto anabaki na nani? Nikamlipa nikaondoka, jibu nimelibeba kichwani.

Siku ya arobaini, ndugu wa pande zote mbili wamekusanyika, nilisimama na daftari langu. Nikasema, "Mama, wewe ndiye uliyekuwa unabaki naye. Wewe ndiye uliyemwaga karanga. Ulimpa nini mjukuu wako?" Mama mkwe akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Hakujitetea. Kesho yake alifunga mzigo wake akarudi kwao, upande wa Kolo. Habari ikamtangulia, maana waliokuwepo msibani wana midomo. Alipofika tayari anaitwa mchawi.

Na mimi nikalala usingizi. Nawaambia ukweli, nililala vizuri kwa miezi kadhaa, kwa sababu nilikuwa najua.

Mwaka uliofuata walimu tuliitwa kwenye semina ya lishe shuleni. Afisa ugani akatueleza kuhusu sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Akasema huwezi kuitoa kwa kupika. Akasema inakwenda kwenye ini. Nilinyoosha mkono nikauliza. Mtoto akiipata nyingi anaonyesha dalili gani? Akazitaja, macho ya manjano, tumbo kujaa, utadhani anasoma daftari langu.

Mwaka ule aliokufa mwanangu mvua zilichelewa kukatika. Karanga tulizing'oa mbichi, zikaingia kwenye gunia kabla hazijakauka. Na mnajua tunavyofanya sisi: zilizonona za kuuza na za mbegu, zilizosinyaa za nyumbani. Nani alikaa na ungo akazichambua? Mimi. Nani alizitwanga zile zenye ukungu akazitia kwenye uji wa mtoto, akaacha maagizo kwamba bibi amnyweshe wote? Katika daftari zima niliandika "uji" kila siku, na sikujiuliza nani kaupika.

Nilimfuata afisa nje nikamwomba apime. Akauliza, "Nipime nini, mama? Karanga zenyewe ziko wapi?" Hazikuwepo. Akasema inawezekana ndizo, inawezekana sizo, na sasa hakuna wa kutuambia. Nilikaa chini pale pale uwanjani, na sare yangu ya semina.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Kolo. Nilimkuta mama mkwe anaanua mtama. Nikapiga magoti. Yeye ndiye aliyeanza. "Umezijua karanga," akasema.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Mlipokuwa hospitali niliwatupia kuku zile zilizobaki kwenye ungo. Wakafa watatu. Nikawafukia, na gunia lote nikalitia shimoni, mjukuu wangu mwingine asizile."

"Mbona hukuniambia? Mbona ulikubali kuitwa mchawi?"

"Ningekuambia ili iweje? Ulikuwa umetoka kuzika. Ungejua umemlisha mwenyewe, na wewe nani angekushika?"

Nililia, jamani. Mpaka leo nikikumbuka nalia.

Mwenzangu mmoja ofisini huniambia, unaona, kutaka kujua ndiko kulikokutesa. Sijui nimjibu nini. Nilipojua uongo, nililala. Nilipojua ukweli, usingizi ulikwisha. Na bado ukweli wenyewe ni nusu. Ila najua kwamba niliuliza watu wote isipokuwa mwenye mwiko, yaani mimi niliyepika, na nilitaka jibu lenye mtu wa kulaumiwa ndani yake.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, karanga zenye ukungu zifukie, hata kuku usiwape. Na ukipatwa na msiba, usimtwike mtu swali lako. Namshukuru mume wangu, ambaye hakuniacha ingawa nilimpa sababu. Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki, mlionisikiliza mara ngapi sijui bila kunipa jibu.

Mama mkwe alinisamehe siku ile ile. Kijiji chake ndicho kilichobaki. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nimesema mbele ya watu kwamba ni mimi, wakatikisa vichwa wakasema maskini, amelogwa hata yeye. Neno langu la uongo waliliamini siku moja, la kweli hawalitaki.

Basi kila likizo namchukua binti yangu tunakwenda. Tunatandika mkeka nje, kando ya njia, mama mkwe anatupakulia ugali na mlenda, tunakula kutoka mkononi mwake ili wapitao waone. Nawakaribisha wote. Wanaitikia salamu, wanapita. Mpaka leo hajakaa hata mmoja.