Mtindi wa Nkwenda: Maisha ya Evaresta Kyarimpa

Baba Mchungaji, shemeji yangu Cleophace, wazee, akina mama na ndugu mliotoka mbali, wakubwa wote shikamooni. Familia imenipa mimi, Mutalemwa, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami naomba mnivumilie pale sauti itakapogoma.

Dada yetu Evaresta Kyarimpa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Bugomora, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kashaija na marehemu mama Katusiime, wafugaji, na kama ilivyokuwa kwetu, ng'ombe walikuwa wa baba lakini maziwa yakishaingia ndani yalikuwa mikononi mwa mama, hivyo tangu utoto Evaresta alijua kufukiza ekyanzi, kile chombo chetu cha mti cha kuwekea maziwa, na kutambua kwa kunusa tu maziwa yatakayoganda vizuri. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bugomora kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akafaulu, ila nafasi ya sekondari haikupatikana, akarudi kumsaidia mama.

Tarehe 22 Julai 1989 alifunga ndoa kanisani Nyakatuntu na Cleophace Karekezi, mkulima wa migomba na kahawa, wakajaliwa watoto watatu, Ainebyona, Sharon na Nuwamanya, na wajukuu watano.

Wengi wenu mlimfahamu kwa mtindi. Mwaka 2009 aliona jinsi maziwa yanayokosa mnunuzi sokoni Nkwenda yanavyomwagwa mchana, akapanga chumba kimoja kando ya barabara, akaanza kuyachemsha na kuyagandisha. Wapo waliomwonya shemeji kwamba mke anayeshinda senta ataharibika, naye hakubishana nao, aliendelea kumbebea mkewe madumu kwa baiskeli kila alfajiri, na ile kaunta ya mbao aliipiga kwa mikono yake.

Mwaka 2013 dada alimpokea Restuta, binti wa wakulima wa Kiruruma, ambaye hakuwahi hata kukamua, akamfundisha kila kitu isipokuwa namna ya kutunza ule mtindi wa kuanzishia, ambao dada aliuita mbegu na kuuficha chumbani kwake. Restuta alijifunza hilo kwa kukosea mwenyewe, na mwaka 2016 akaaga kwa heshima, akafungua duka lake la mtindi ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Dada aliumia sana. Aliniambia, "Nimemlea, sasa amenifungulia duka usoni." Kila asubuhi Restuta alivuka kuja kumwamkia, na kila asubuhi dada aliinamia sufuria kana kwamba hakusikia, na hata kanisani walikaa mabenchi tofauti, jambo lililotusumbua sote na ambalo Mchungaji mwenyewe alijaribu kulisuluhisha akashindwa.

Mwezi Machi 2018 sufuria la maziwa ya moto lilimpindukia, likamuunguza mkono na mguu, akalazwa wiki tatu. Sisi ndugu tulidhani biashara imekwisha, kwa kuwa Sharon alikuwa bado chuoni na hakuna mwingine aliyeiweza, lakini Restuta alimwomba shemeji funguo, akawa anawapokea wafugaji wa maduka yote mawili, anachemsha huku, anavuka, anachemsha kule, na wateja wa dada aliwauzia katika duka la dada, vikopo vikiwa na jina la dada. Siku dada aliporudi, akiwa bado amefungwa bandeji, alimkuta Restuta pale kaunta, akamuuliza kwa nini hakuwavuta wateja wale upande wake. Restuta akajibu, "Wateja ni wako, mama. Mimi nimechemsha tu." Kisha akamwamkia, shikamoo, na baada ya miaka miwili dada akamwitikia, marahaba mwanangu, akakaa chini akalia, nami nilikuwepo.

Kuanzia hapo hakuficha mbegu tena. Wasichana na akina mama aliowafundisha waliondoka nayo, na leo wapo wenye maduka yao Nkwenda hapa, Bugomora na hadi Kayanga, wengine wakimshinda kwa wateja, jambo ambalo, nisiseme uongo, bado lilimchoma kidogo, ila alilimeza na kuwaelekeza kwenye maduka hayo abiria waliokuta mtindi wake umekwisha.

Mwishoni mwa mwaka 2023 alianza kuumwa tumbo, mwezi Februari 2024 akagundulika kuwa na saratani, akatibiwa Bukoba na baadaye Mwanza, na alipochoka na safari aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025 saa kumi na moja alfajiri, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Nyakatuntu, wanakwaya, na wenzake wa biashara, akina mama waliofunga maduka yao siku hizi mbili ili wapike na kuteka maji hapa msibani. Restuta, familia inakushukuru kama binti wa nyumba hii.

Baadhi ya wazee wameniuliza duka litakuwa la nani. Ainebyona, mtoto wa kiume wa kwanza, amesimama mbele ya ukoo akasema ni la Sharon, kama mama yao alivyotaka, na ukoo umekubali. Kwa hiyo wafugaji, maziwa ya Jumatatu yaleteni kama kawaida, Sharon atayapokea.

Dada yangu Evaresta, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika kwa amani.