Fundi Aliyepaka Kinu Mafuta

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusaga mawe, Fundi Vumbi wa maabara yetu anastaafu. Jina la kwenye faili analo, ila hata mkewe akipiga simu ofisini humuulizia Vumbi.

Kazi yake ni kusaga vipande vya miamba vinavyochimbwa bonde la ufa na kuvichoma tanurini, ijulikane kama mwamba unaweza kuzaa mafuta. Mimi ni mchapaji tu, shule yangu ya kuungaunga, lakini alinielewesha: mimea na vijidudu vya ziwa la kale vilizikwa matopeni, na joto la ardhi huvipika kama maharage. Juu bado mabichi, chini mno yameungua, imebaki gesi. Mafuta yako katikati, Mungu akijalia. Tangu siku hiyo nayatazama maharage kwa heshima.

Mwaka wake wa tatu, mwamba mmoja wa kijivu ulitoa majibu ya ajabu: mafuta tele. Mkurugenzi akashona suti, waandishi wa habari wakaalikwa Jumatatu. Jumapili, katikati ya ibada, Vumbi akaanza kutoka jasho. Alikumbuka kuwa kinu cha kusagia kilikuwa kikilia, naye akakipaka mafuta ya kupikia ya mkewe. Jiwe la watu lilikuwa kavu kama kigae.

Mkewe alikuwa mjamzito na kibarua kilikuwa hicho kimoja. Walijadiliana hadi chakula kikapoa. Mama watoto akamwambia aende akaseme, kwani mtoto wa msema kweli naye hula.

Asubuhi akasimama mbele ya meza kubwa. "Bosi, yale mafuta ni ya jikoni kwangu."

Waandishi walirudishwa getini na soda zao. Kinu kikaoshwa, mwamba ukasagwa upya, majibu yakawa sifuri. Mkurugenzi alimnunia wiki nzima, kisha akaandika amri: majibu yoyote yasitoke bila sahihi ya Vumbi.

Miaka ishirini na minane amri hiyo haijafutwa. Mwamba mweusi wa kisima cha saba ulipotoa mafuta ya kweli, wawekezaji wa kigeni walitaka ukapimwe tena ng'ambo. Mkurugenzi akauliza tu kama Vumbi ametia sahihi. Alikuwa ametia. Wakachimba, wakayakuta.

Fundi, ahsante kwa kukubali aibu mapema, tukaaminika sisi sote. Mwenyezi Mungu akupe afya na uzee mtamu. Nenda kwa amani, ndugu yetu.