Urbano Murhula, Mpima Tope, na Kosa Alilotaka Litajwe

Marehemu Urbano Murhula alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 huko Kalundu, Uvira, mtoto wa tatu wa mzee Murhula, fundi wa kuchimba visima, na mama Apolline. Alipokuwa na miaka minane, baba yake alimteremsha kwenye kisima ili azoe matope. Kule chini, urefu wa watu wawili, aliona ukutani mstari mweupe wa magamba ya konokono wa ziwani. Akauliza yamefikaje. Baba yake akajibu kutoka juu kwamba Mungu ndiye aliyeyaweka.

"Aliyaweka lini?"

Alivutwa juu akapewa kofi. Alikuwa akisema kwamba tangu siku ile hakumwamini tena mtu yeyote anayejibu haraka.

Alisoma shule ya msingi Uvira na sekondari Bukavu, akamaliza masomo ya ualimu wa jiografia mwaka 1979. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye cheti cha mwisho wa mwaka: "Ana akili, ana dharau." Marehemu hakuwahi kukanusha neno hata moja kati ya hayo.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa fundi katika ofisi ndogo ya utafiti wa ziwa, Uvira. Kazi yake ilikuwa kupigilia bomba la plastiki kwenye tope la ufukweni, kulivuta, kulipasua kwa urefu na kusoma kilichomo ndani kama mtu anavyosoma kitabu. Tope laini ni miaka ya utulivu, alieleza. Mchanga uliobanwa katikati ya tope ni siku moja mbaya. Alikuwa akiutia udongo kinywani na kuusaga kwa meno ya mbele ili ajue ukubwa wa chembe, na alifanya hivyo hata mbele ya wakwe zake watarajiwa. Mzee wa watu aliyekuwa akipokea posa akamuuliza binti yake kama huyu bwana anakosa chakula kwao. Hata hivyo Klara alimkubali, wakafunga ndoa Uvira tarehe 18 Agosti 1984, na wakajaliwa watoto wawili, Fiston na Espérance.

Vita viliwatoa Uvira mwaka 2002. Majirani walikimbia na magodoro na sufuria. Yeye alivuka mpaka na bomba moja la tope la mdomo wa mto Ruzizi, limefungwa kwa kitenge cha mkewe, na madaftari sita. Klara ndiye aliyebeba sufuria. Walifika kambi ya wakimbizi ya Gasorwe, naye akawa mwalimu wa jiografia kwa miaka saba.

Tsunami ya Desemba 2004 ilipotangazwa redioni, kambi nzima ilizungumza juu ya mwisho wa dunia. Mwalimu Murhula aliingia darasani na beseni, tope na mchanga. Aliwaambia wanafunzi kwamba mawimbi ya namna hiyo yamewahi kuja kabla ya hilo na yameacha alama. Aliwasimulia jinsi mwaka 563 mlima ulivyoporomoka karibu na Ziwa Geneva, maji yakafuta vijiji, na askofu mmoja wa zama zile akaliandika tukio hilo. Miaka mingi baadaye, alipopata makala kwamba wapimaji wamelikuta tope la siku ile kwenye sakafu ya ziwa, alilia. Alipenda pia habari ya pango la Aceh, Indonesia, ambamo mchanga wa bahari na kinyesi cha popo vimepangana kwa zamu, maelfu ya miaka. Popo wale, alisema, wanatunza kumbukumbu vizuri kuliko ofisi zote alizowahi kufanya kazi.

Mwaka 2009 alipata nafasi katika shule moja ya binafsi mjini Gitega, na huko ndiko alikokutana na mtu ambaye hapa tutamwita Dokta, kwa kuwa anapenda kuitwa hivyo. Marehemu alikuwa amemweleza kwamba katika bomba lake, kwenye kina cha sentimita sitini, kuna tabaka la mchanga ambalo huenda ni alama ya wimbi kubwa la Ziwa Tanganyika. Februari 2014 Dokta akaliazima bomba pamoja na madaftari kwa siku tatu. Marehemu alisubiri miezi minne. Kisha akaona tangazo lililobandikwa sokoni: mhadhara wa Dokta, ugunduzi wa tsunami ya Tanganyika.

Jumamosi tarehe 14 Juni alikaa mstari wa tatu. Bomba lilisimamishwa mezani chini ya taa, limefutwa vumbi vizuri, na limepinduliwa. Juu imekuwa chini. Dokta alizungumza saa nzima mbele ya tope lililosimama kichwa chini, na hakuna mgeni wa heshima hata mmoja aliyegundua. Marehemu akainua mkono.

"Docteur, mi naomba kuuliza. Hapa juu iko wapi?"

"Juu ni juu, mzee."

"Naona mchanga munene iko juu, ile laini iko chini. Maji ikitulia, kitu kizito kinashuka kwanza. Sasa kwako, mchanga munene ilingojea mwenzake apite, sababu ya heshima?"

Watu walicheka. Dokta alisema maswali ya kitaalamu yatajibiwa kwa maandishi. Marehemu alipanda jukwaani, akachukua madaftari yake na bomba lake, akatoka nalo begani. Dereva wa pikipiki alimuuliza kama ni bomba la maji. "La ziwa," akajibu, akapanda.

Mkuu wa shule alikuwa rafiki wa Dokta. Septemba mkataba haukuendelea, na marehemu akarudi Gasorwe bila kumwomba mtu radhi.

Kinachofuata ndicho alichotaka kisemwe. Mwaka 2021 Raissa, mpwa wake aliyekuwa akisoma chuo kikuu, alimletea hadubini ya kuazima. Kwa wiki mbili alichambua ule mchanga chembe kwa chembe akitafuta konokono wa ziwani. Hakupata hata mmoja. Alipata majani ya mtoni na mizizi ya matete. Akaenda kwa bibi Anisia, mzee wa Uvira aliyeishi kambini, ambaye mwaka 2005 alikuwa amemsimulia habari za maji makubwa ya enzi za nyanya yake. Daftari lilisema yalitoka ziwani.

"Mama, ile maji ilitoka wapi?"

"Ilitoka juu, kwa mto. Ilikuwa nyekundu. Nilikuambia."

"Mi niliandika ziwa."

"Uliandika ziwa sababu we ulitaka ziwa, mwanangu."

Alirudi nyumbani akaketi kitandani na viatu miguuni. Klara alimkuta hapo akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana: kwa miaka ishirini amewadharau wajinga, na sasa amemkuta mmoja nyumbani kwake. Kesho yake aliandika barua ya kurasa nne kwamba tabaka la Ruzizi ni mafuriko ya mto na si wimbi la ziwa, na kwamba alilifuta neno la shahidi wake akaweka la kwake. Nakala moja aliipeleka mwenyewe Gitega, mikononi mwa Dokta. Dokta aliisoma palepale mlangoni.

"Lakini mzee, kitabu changu cha tsunami kimekwisha kuchapishwa."

"Donc, basi, kichape tena."

Hakikuchapwa tena. Bado kinauzwa.

Kisukari kiliharibu figo zake kuanzia mwaka 2023. Alilazwa Gitega mwezi wa kwanza mwaka huu. Espérance aliyekuwa akimuuguza alimwambia kwamba watu watamkumbuka kwa bidii yake ya kutafuta. Akafungua jicho moja.

"Wasiseme nilitafuta. Waseme nilikosea, halafu nikasema."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Jana Dokta alituma rambirambi akiomba isomwe hapa kaburini, nayo inamwita marehemu mvumbuzi mwenza wa tsunami ya Tanganyika. Haitasomwa. Badala yake familia inatamka, kama ilivyoagizwa: Urbano Murhula alikosea kuhusu tabaka la Ruzizi, akalisahihisha kosa lake kwa mkono wake, na barua ile ipo kwa Raissa kwa yeyote anayetaka kuiona.

Ameacha mjane, mama Klara, watoto wawili, Fiston na Espérance, mpwa wake Raissa, wajukuu watano, na wanafunzi wengi wa Gasorwe na Gitega. Mungu ampokee mzee wetu, na ardhi aliyoisoma maisha yake yote imlaze kwa amani.