Mzee Vuai na Vyombo vya Buluu

Tarehe 30 Juni Mzee Vuai Makame alistaafu, baada ya miaka ishirini na mitatu katika jiko la mgahawa wetu wa Kijapani hapa Doha. Hati inasema amestaafu. Sisi wa jikoni tunajua ni macho yaliyomwondoa, nami sitaandika vingine.

Alikuja kutoka Makunduchi kuosha vyombo. Mpishi mkuu wa wakati ule, Mjapani mkali, alimkabidhi sahani na bakuli za kauri zilizochorwa kwa buluu, akapiga marufuku kuziingiza kwenye mashine. Mzee Vuai akawa anaziosha moja moja, kwenye beseni lililotandikwa taulo. Tulimtania kwamba anaamkia sahani kabla ya watu.

Ndiye aliyetufundisha kuzitazama. Mchoraji hupitisha brashi juu ya udongo mkavu, nao hunywa rangi papo hapo, kwa hiyo mstari ukishapita haufutiki. Rangi huingia tanuruni ikiwa ya kijivu, moto ndio unaotoa buluu. Katika sahani ishirini zenye mchoro wa ndege yuleyule, korongo, Mzee alikuonyesha ile iliyochorwa kwa haraka. Mzigo mmoja ulipofika alisema mchoraji wetu amezeeka, mistari inatetemeka. Uliofuata ulikuwa wa mkono mwingine, na siku hiyo hakugusa chakula.

Kazi yake nyingine ilikuwa kusaka nyufa. Ufa wa kauri ni mwembamba kama unywele, na hujificha kati ya mistari ya mchoro. Februari bakuli la supu ya moto lilipasuka mikononi mwangu, mimi Husna, mhudumu wa mezani, nikaungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Meneja aliandika kwamba ni uzembe wangu, na barua ya kunirudisha Tanga ikawa tayari. Mzee Vuai akapanda ofisini bila kuitwa. Alisema bakuli alilipitisha yeye na ufa hakuuona, kwani ana presha ya macho na ameificha mwaka mzima. Ile barua ikaandikwa upya kwa jina lake, ikaitwa ya kustaafu.

Tumemuaga kwa cheti asichoweza kukisoma na saa ya ukutani. Haya atasomewa na mwanawe, Salma, naye namwomba hapa asome polepole.

Mzee wangu, jiko zima linakushukuru na kukuombea siku njema nyumbani. Vidole vyangu viwili bado havikunjiki. Uliniomba radhi mbele ya watu, nikakupa mgongo, na hadi unaondoka sikukujibu. Nimekusamehe, baba. Nawe unisamehe kwa kuchelewa.