Upande wa Pili wa Kaseti

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na mmoja wenu aizime hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana na kitu. Intisar, mlaze mtoto hapa miguuni pangu. Hamdan, toka dirishani. Yule mtu aliyekaa barazani ng'ambo ya njia namjua. Yuko pale tangu Jumanne, anamsalimia kila apitaye kwa adabu zote, na jana alikuja mpaka hapa kitandani kunijulia hali, kisha akasema, "Bi Tumu, mjukuu wako ana sauti nzuri, mashaallah. Hulala hapa hapa?"

Kosa ni langu, msimlaumu mwingine. Kaseti yangu ya nyimbo za harusi nilimpa Kahindi wa duka la kaseti Mwembe Tayari atoe nakala thelathini, wagawiwe wanawake harusini kwa jirani yetu Areej. Nilijua upande wa pili ni mtupu. Sikujua kwamba wewe, Hamdan, kwa kukosa kaseti, ulikwisha kuujaza kwa huo muziki wenu wa kufoka. Kahindi naye hasikilizi anachonakili; alinakili pande zote mbili, akafunga. Wanawake thelathini wakarudi na kaseti majumbani mwao, na mmoja wao ni mke wa Badawi.

Nilifunga mlango nikakusikiliza mara tatu.

"Badawi, safu ya mbele kila Ijumaa umesimama,
Jaffar kwa unga wako yuko chini, analia mama."

Ni maneno mazuri, mwanangu. Nilizoea kusema kwamba huko si kuimba, ni kugombana, nami nilikosea. Jaffar alikula jikoni mwangu tangu hajaota meno ya mbele, na alipookotwa amekufa na sindano mkononi, mtaa mzima ulijua unga ule ulitoka kwa nani, na mtaa mzima ukanyamaza. Wewe peke yako ulitaja jina.

Lakini jina ndilo wanalolijia. Sisi wanawake wa ngoma ya lelemama tulirushiana maneno kwa nyimbo miaka arobaini, chama kwa chama, na hatukumtaja mtu hata siku moja. Mtu ulimsema kwa leso yake, kwa mwendo wake, kwa mlango wa nyumba yake, akaumia asilale, lakini hawezi kuja kukugombeza, maana akija amekubali kuwa ndiye. Nyinyi vijana mwaona ule ulikuwa woga. Ndio uliotufikisha uzee.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Nyumba hii Kadhi atawagawia kwa sheria, msiingize mtu kati yenu. Mwanarusi, ambaye sijasema naye tangu chama chake kilipotushinda, akija matangani mpokeeni vizuri, mwambieni ndiyo, ule wimbo wa leso ya kijani ulikuwa unamsema yeye, na namtaka radhi.

Na hili, Intisar, uliandike. Jana yule mtu aliposifu sauti, nilimwambia, "Sauti ni yake, maneno ni yangu. Nilimtungia mimi. Kampe Badawi habari." Akacheka. "Wewe, Bi Tumu? Wewe umtaje mtu?" Nikamjibu, "Mimi." Akatoka, akarudi barazani pake. Hakuondoka. Basi sijui kama ameniamini.

Kwa hivyo Jumamosi hutapanda jukwaani huko Tudor. Usinikatize, Hamdan, pumzi nilizonazo ni chache. Utaondoka leo kabla ya magharibi, upande basi la bara, uende kwa Ogutu aliyefanya kazi na babu yako bandarini. Nikifa usije kunizika. Huko uendako foka utakavyo, lakini maneno yale usiyadai tena. Watakaokuuliza, waambie ni ya nyanya yako. Najua nakunyang'anya kitu ulichokitoa tumboni mwako. Mimi nami nitazikwa nikiitwa mwanamke aliyetaja jina. Tumeumia sote wawili, tusameheane.

Buibui langu liko msumarini. Hilo ndilo nililokuachia wewe, na usicheke. Livae, jifunike uso, pitia uani kwa kina Areej. Tembea kama mimi, polepole, kama mtu anayeumwa goti. Na mtu akikusalimia, awe nani, usiitikie. Sauti yako iko katika nyumba thelathini.

Mungu awafunike kwa sitara yake, awape... awape uzee. Intisar, huyo mtoto mfunze kusoma na... nishike mkono.

Nani anabisha?

Mwambie nimelala. Mwambie... polepole, Intisar, kwa adabu kama yake. Hamdan, buibui. Nenda. Hata mimi usiniitikie.