Tuko Pamoja, Mama Mdogo

Amani kwenu nyote, wa kanisani na wa msikitini, na ahsanteni kwa kuzima hicho kiyoyozi. Joto mtalivumilia kidogo. Sauti yangu ni ndogo, na nikiogopa inazidi kuwa ndogo, na leo naogopa kweli. Mwaka mzima nimekuja kwenye kikundi hiki cha Ijumaa hapa Sharafiya, Jeddah, nikala pilau yenu, nikacheka na stori zenu, lakini zamu yangu ya kusema ikifika mnanikuta jikoni naosha sahani. Mnadhani nina haya. Haya ningekuwa nayo mapema, nisingekuwa na la kushuhudia.

Nyumbani nilikuwa mapokezi na usafi kwenye nyumba ya wageni, Naivasha. Wageni wetu wengi walikuwa vijana wa kizungu, begi refu mgongoni, soksi hazijaona maji wiki mbili. Msichana mmoja aliniambia yeye huchuma matunda Australia miezi mitatu, kisha anazunguka dunia miezi mitatu, akiishiwa anatafuta shamba lingine. Akasema hiyo inaitwa likizo ya kazi. Jamani! Kwetu kazi ni kazi, na likizo ni kwenda kwenu kuvuna mahindi. Lakini yale maneno yaliniingia. Nilikuwa namsafishia chumba mtu wa rika langu, na yeye ameona nchi kumi na moja.

Nikamwuliza ajenti kama kuna kitu cha namna hiyo kwa vijana wetu. Akaniangalia usoni, akaona nimeiva. Akasema, "Likizo ya kazi? Ipo, Saudia. Unafanya hoteli Riyadh miezi sita, halafu unazunguka mpaka Jeddah, baharini." Nikanunua begi la mtumba, refu, lenye mikanda kila mahali. Nikaagwa kanisani, nikawekewa mikono. Kesho yake, niko kwenye foleni ya uwanja wa ndege, nikapewa mkataba. Umeandikwa mfanyakazi wa nyumbani. Nikausoma mara mbili. Nikawafikiria wale watu walioniombea jana, nitarudi kwao na sura gani? Nikatia sahihi nikiwa nimeuweka gotini.

Riyadh nilikaa nyumba ya ghorofa tatu, na chumba changu kilikuwa kile cha mashine ya kufua. Madam hakuwa mnyama, sitamsingizia. Chakula nilipewa, na simu nilirudishiwa kila Ijumaa. Ila kuzunguka, mafi, hakuna. Miezi saba nilijua mji ule kwa dirisha la jikoni, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta.

Shule zilipofungwa, familia ikaja Jeddah kwa bibi yao, mtaa wa Al-Nuzha, nikaletwa pia. Mnajua likizo ya madam: wao wanapumzika, wewe unapikia watu zaidi. Siku moja tukapelekwa ufukweni. Begi langu ndilo lililobeba nepi, maziwa ya mtoto na nguo za kubadilisha. Madam alipokwenda kununua aiskrimu, nikamwomba binti yake mkubwa anipige picha. Begi mgongoni, bahari nyuma yangu, nimecheka mpaka magego. Mtoto mdogo alikuwa ameshika abaya yangu, nikamkata kwenye picha. Nikaandika chini yake, "Likizo ya kazi, Bahari ya Shamu," nikaiweka kwenye stetasi.

Msinicheke, au chekeni, maana nawajua. Hapa hakuna ambaye hajapiga picha kwenye sofa la bosi.

Nina mdogo wangu, binti wa mama mdogo. Tumelala kitanda kimoja tangu akiwa na miaka minne. Akaniandikia, "Dada, niambie ukweli, huko ni kuzuri?" Nawaambia, nilikaa na hilo swali nusu saa. Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliuliza ukweli, kwa neno lenyewe. Nikamjibu, "Njoo ujionee."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nafikiri nilitaka kuwe na mtu mmoja duniani anayeniona mimi ni msafiri.

Miezi minne baadaye tumerudi Riyadh, Ijumaa naipakua mashine ya kufua, ujumbe wa sauti ukaingia. "Dada! Nimefika! Niko Riyadh, tumekalishwa ofisini tunasubiri kuchukuliwa. Nimekuja na begi kama lako. Tunaonana wikendi, eh?" Halafu akacheka. Nguo zilinianguka mikononi. Nikaandika haraka: uko mtaa gani, kafili wako, huyo mwajiri, anaitwa nani? Ujumbe haukufika. Haukufika jioni ile, wala Ijumaa iliyofuata. Hata leo nikisikia mashine ya kufua inaanza kuzunguka, nasikia kile kicheko, na lazima nitoke chumbani.

Sasa sikieni lile ninaloliogopa zaidi. Mama mdogo akapiga. Akasema, "Mwanangu, mdogo wako hapatikani. Si mko mji mmoja? Umemwona?" Mngesema nini? Ningesema kweli, angejua kwamba sina hoteli, sina safari, sijui hata barabara inayopita nje ya geti. Angejua nimemwita mtoto wake mahali nisipopajua. Nikasema, "Usijali. Tuko pamoja, mama mdogo. Simu yake ndiyo imeharibika."

Akashukuru Mungu. Nilimsikia akiwaambia watu waliokuwa naye sebuleni.

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Yuko bafuni, mama mdogo. Ametoka, mama mdogo. Amenenepa, utamcheka. Ndiyo, nilisema amenenepa! Nilimtengenezea maisha. Baadaye baba wa nyumba akahamishiwa kazi huku Jeddah, nikaja nao, na bado nikasema tumehama wote wawili. Nilikuwa nikifunga macho namwona kweli ameketi kando yangu kwenye ile ndoo, haongei, ananitazama tu. Nikaanza kumpakulia chakula. Sahani ya pili, naiweka chini, naiangalia ikipoa. Msinione mwendawazimu. Au nioneni, nilikuwa karibu.

Huku madam alianza kunipa Ijumaa mchana. Nikaja Sharafiya kubadilisha kioo cha simu, na nikiwa kwenye foleni ya duka mama mdogo akapiga. Nikasema yale yale, tuko pamoja, tunanunua viatu. Nilipokata, mama mmoja wa Kikenya nyuma yangu, mtu mzima, mfuko wa vitunguu mkononi, akaniuliza, "Uko pamoja na nani? Mimi mbona sioni mtu?"

Alisema taratibu tu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kuona pale kando yangu hapana mtu. Nikaketi chini, palepale mlangoni mwa duka, nikalia mpaka mwenye duka akaanza kusema halas, halas, yaani basi, kwa huruma. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa pole. Akasema, "Mpigie. Sasa hivi, nikiwa hapa. Ukiondoka hapa utampigia kesho, na kesho utasema yuko bafuni."

Nikapiga. Nikasema, "Mama mdogo, mimi ni yaya. Sijawahi kumwona tangu afike. Sijui aliko." Akasema, "Subiri nichukue miwani."

Mdogo wangu alikuwa na akili kunishinda. Alimwachia mama yake nakala ya mkataba. Ilikuwa ndani ya Biblia, kando ya kitanda, miezi yote hiyo. Mama mdogo akanisomea jina la kafili herufi kwa herufi, na namba, na mtaa. Akasoma bila sauti kutetemeka, kama anayesoma matangazo ya kanisa. Alipomaliza akakata simu.

Mnaelewa? Karatasi ilikuwepo. Siku ya kwanza ningesema sijui aliko, angeitoa siku ya kwanza.

Yaliyobaki mnayajua, kwa sababu yule mama alinileta kwenu, na ni nyinyi mlioyafanya. Madereva wa Riyadh waliitafuta ile nyumba, ofisi ya kazi ikaandikiwa, simu zikapigwa mpaka watu wakachoka na sauti zetu. Siku ya tisa akatolewa. Alikuwa amemwagikiwa mafuta ya kukaangia mkono wa kulia, na mkono ulikuwa umefungwa kitambaa cha jikoni, haujaona daktari. Wiki tano. Nimezihesabu kurudi nyuma. Wiki moja kati ya hizo ndiyo niliyosema amenenepa. Vidole viwili havinyooki tena.

Amerudi kwetu. Nilimpigia mara moja, akaniuliza, "Ulikuwa wapi, dada?" Nikamwuliza mkono unaendeleaje, na tangu siku hiyo hajaongea nami.

Mimi nimepona kiasi. Sahani ya pili nimeacha kupakua. Nalala. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko mkononi mwangu, na madam anajua siku ninayorudi nyumbani. Kwa hayo namshukuru yule mama wa vitunguu, ambaye sasa hivi anajifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Nawashukuru nyinyi kaka wawili madereva pale mlangoni, na wenzenu wa Riyadh ambao sijui hata sura zao. Namshukuru mama mdogo, aliyesoma mpaka mwisho.

Funzo langu si kubwa. Pigeni picha, pendezeni, mna haki ya kuonekana watu. Lakini msichana akikuuliza huko ni kuzuri, mwambie unalala wapi. Mwambie unaamka saa ngapi. Akija, aje akijua. Na mtu wako akipotea, sema amepotea, hata kama wewe ndiye uliyempoteza.

Sijamaliza. Hii simu niliyoishika tangu nianze kusema iko hewani. Jana nilimwandikia mdogo wangu, nikamwomba asikilize, akajibu kwa neno moja, sawa. Yuko kwenye laini dakika zote hizi, na hajakata. Mdogo wangu, uliniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa naona aibu. Ndipo nilipokuwa, na nilikuacha peke yako kwa ajili hiyo.

Dada zangu, naomba tunyamaze. Nafikiri anavuta pumzi.